Anahifadhi juzuu nzima kwa sikio, lakini mstari mmoja wa kitabu unamtoa jasho

Mwalimu, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Kisauni, Mombasa. Nakuandikia usiku, watoto wamelala na unga wa mahamri nimeshaukanda, maana mchana sipati nafasi, na nikiipata nalia.

Mwanangu wa pili ana miaka 10, yuko gredi ya nne. Muhula uliopita alirudisha karatasi za mtihani za masomo matatu zikiwa nyeupe, shule ikatutuma kituo cha EARC, kile cha kupima watoto wenye shida za kujifunza, akapimwe. Walimpima macho, wakampima masikio, yote sawa. Kisha akakaa na afisa asubuhi nzima, akisomeshwa, akiulizwa, akichorishwa. Mwisho nikapewa ripoti ya kurasa nne. Imesema ana ulemavu wa kujifunza unaoitwa disleksia, na kwamba akili yake ni nzuri kabisa. Mwalimu, katika kurasa zote nne mimi niliona neno moja tu, ulemavu. Niliikunja ile karatasi, na mpaka leo iko kabatini chini ya nguo za Idi. Hajui mtu ila mume wangu na mavyaa.

Sielewi. Mtoto huyu chuoni ndiye wa mbele. Maalim akisoma mara mbili tatu, yeye ameshika. Juzuu Amma yote ya Qurani anayo kichwani. Asubuhi hunisaidia kuuza mahamri mlangoni. Mteja akisema saba na mbaazi sahani mbili, akitoa noti ya mia mbili, mtoto ameshamrudishia thelathini na mimi bado nahesabu. Lakini mpe kitabu. Mstari mmoja, tena wa Kiswahili, chai inapoa hajaumaliza, na jasho limemtoka puani. "Bata" anasoma "data". Neno refu analitazama herufi ya kwanza halafu anakisia. Kiingereza ndiyo kabisa.

Kuna jambo linaloniuma kuliko yote. Mwaka jana nilikuwa nikimwambia anisomee kitabu cha hadithi jioni, naye ananisomea ukurasa mzima bila kukwama, nafurahi. Siku moja nikamchungulia begani. Kitabu amekifungua kwenye picha ya fisi, na yeye anasoma hadithi ya sungura. Kumbe dadake alikuwa akimsomea mchana, naye anakariri ili jioni nisikasirike. Nilimpiga siku ile, Mwalimu. Nilimpiga kwa kunidanganya.

Sasa mwalimu mkuu anasema arudie gredi ya tatu, au nimtafutie shule ya watoto maalum, kwani darasa lina watoto 60 na mwalimu hawezi kukaa na mmoja. Mwalimu wa darasa humsimamisha asome mbele ya wenziwe, akikosea anachapwa, na wenziwe wamempa jina, wanamwita "Data". Mavyaa anasema ni jicho, anataka mtoto aandikiwe kombe, aya za Qurani zioshwe kwa maji anywe. Mume wangu yuko Doha mwaka wa sita huu. Nilipomweleza alinijibu kwa sauti, maana yeye kuandika hapendi, hata nikimwandikia ujumbe mrefu hujibu kwa sauti tu, akasema, "Hata mimi walimu walinichapa, mbona nimekuwa mtu? Huyo ni mvivu, mkaze." Jirani naye ameniletea habari za dawa ya ubongo, chupa shilingi 3,500.

Na juzi mtoto mwenyewe ameniuliza, "Mama, ile karatasi imesema mimi ni mjinga?" Nikamwambia alale.

Nimwambie nini? Na nianzie wapi?

Mama wa Kisauni

*

Marahaba, mwanangu.

Kesho, kabla ya jambo jingine lolote, katoe ile karatasi chini ya nguo za Idi. Mtoto ameona inafichwa. Kitu kinachofichwa na mama, mtoto hujua ni aibu, na kwa kuwa karatasi ni yake, aibu ameshaichukua kuwa yake pia. Swali lile hakukuuliza bure. Alikuwa na jibu kichwani tayari, na ulipomwambia alale ukamthibitishia.

Kwa hiyo jibu lake lisingoje. Mtafute mkiwa wawili, labda asubuhi mnapokaanga, mikono ikiwa na kazi na macho hayalazimiki kukutana. Mwambie: karatasi imesema una akili nzuri. Imesema pia kwamba herufi zinakupa kazi kubwa kuliko wenzio, na jambo hilo lina jina lake, na wako watoto wengi wanalo. Hukuwa mvivu. Ulikuwa ukifanya kazi mara mbili yao na mimi sikuijua. Halafu umwambie kuhusu siku ile ya fisi na sungura. Mwambie ulimpiga bila haki, na umwombe msamaha kwa maneno hayo hayo, nisamehe mwanangu. Najua kwetu mzazi kumwomba mtoto msamaha si jambo jepesi. Lakini fikiria alichokuwa akifanya. Kila siku, mtoto wa miaka tisa alikuwa akikariri ukurasa mzima, neno kwa neno, na mahali pa kupumzikia, ili mama yake afurahi jioni. Wenziwe walisoma tu. Yeye alibeba kitabu kizima kichwani. Ukimwambia hayo utakuwa umemlipa deni ambalo hakuna mwingine anayeweza kulilipa.

Sasa nikueleze hiyo disleksia, kwa sababu ukiielewa, mambo mengi uliyoyaandika yatakaa mahali pake.

Mwaka 1896 daktari mmoja wa Kiingereza, W. Pringle Morgan, aliandika katika jarida la madaktari la Uingereza habari za kijana wa miaka 14 jina lake Percy. Kijana mwerevu, mchangamfu, mchezaji hodari. Alifundishwa kusoma tangu alipokuwa mdogo na hakuweza. Hata jina lake mwenyewe aliliandika "Precy" na hakuona kosa. Lakini daktari alipompa azidishe 749 kwa 867, alizidisha upesi na akapata. Na mwalimu aliyemfundisha miaka kadhaa alisema kwamba kama masomo yote yangefundishwa kwa mdomo, Percy angekuwa kijana mwerevu kuliko wote shuleni. Niliposoma barua yako, chenji ya thelathini na juzuu Amma, nilimkumbuka Percy papo hapo.

Shida haiko machoni, na ndiyo maana vipimo vya macho vilitoka sawa. Shida iko pale ubongo unapounganisha herufi na sauti yake. Mimi na wewe tukiona "bata", sauti zinakuja zenyewe. Kwake kila herufi ni ya kubishiwa hodi, na mlango hufunguliwa polepole. Akifika mwisho wa neno, mwanzo umeshamtoka, basi anakisia. Masikio yake yako wazi, kumbukumbu yake iko wazi, hesabu ziko wazi. Ni mlango huo mmoja tu ulio mzito. Kazi yetu ni kuufungua taratibu, na huku tukiipitisha elimu kwenye milango iliyo wazi, mtoto asikae njaa akingoja.

Pengine unajiuliza mbona gredi ya kwanza na ya pili alipita. Kule chini vitabu ni vifupi, picha nyingi, vinakaririka. Gredi ya nne Kiingereza kinakuwa ndiyo lugha ya kufundishia, masomo yanaongezeka, na mtoto anatakiwa asome ili ajue. Kukariri hakutoshi tena. Zile karatasi nyeupe alizorudisha ndipo alipofika mwisho wa nguvu zake.

Uliloogopa ni neno ulemavu. Nakuomba uliangalie upya, kwa sababu hilo neno ndilo litakalokufungulia ofisi. Bila hilo, kwa shule mwanao ni mvivu. Kwa hilo, ni mtoto mwenye haki iliyoandikwa katika Katiba ya 2010, kifungu cha 54. Ripoti hiyo itoe nakala tatu, halisi ibaki kwako.

Tuje kwa mwalimu mkuu. Sitaki umwendee kwa vita, darasa la watoto 60 ni mzigo wa kweli, nimeubeba. Lakini Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 35, inakataza mwanafunzi kurudishwa nyuma darasa. Na hata kama isingekataza, kurudia gredi ya tatu ni kumfundisha jambo lile lile kwa njia ile ile iliyomshinda, safari hii akiwa mrefu kuliko wenziwe wote. Shule maalum nayo si mahali pake. Sera ya serikali ya 2018 kuhusu wanafunzi wenye ulemavu inaelekeza wasome pamoja na wenzao kadiri inavyowezekana, na mtoto mwenye akili kama yake inawezekana kabisa. Na kifungu cha 36 cha sheria hiyo hiyo kinapiga marufuku kumtesa mwanafunzi kimwili na kiakili. Hiyo fimbo imo humo. Kumsimamisha achekwe, kwangu mimi, kumo humo pia.

Peleka barua. Usiishie kuzungumza, mazungumzo husahaulika, barua yenye tarehe haisahauliki. Ambatisha ripoti, nakala moja mpelekee afisa wa EARC aliyempima, na uombe akutane na mwalimu wa darasa waandike mpango wa masomo wa mtoto huyu peke yake, ule walimu wanaouita IEP. Usiombe "asaidiwe", neno hilo kila mtu atalikubali na hakuna atakayelifanya. Omba vitu vinavyoonekana. Aketi mbele. Asisimamishwe kusoma kwa ghafla. Kama lazima asome, apewe aya yake jana yake akaifanyie mazoezi nyumbani. Asilazimishwe kunakili ubao mzima, achukue daftari la mwenziwe akapige picha kwa simu yako. Katika sayansi na masomo ya jamii aulizwe kwa mdomo maswali mawili matatu, mwalimu aone anachokijua, na asipunguziwe alama kwa sababu ya tahajia. Hakuna hata kimoja hapo kinachomwondoa mwalimu kwa wale 59.

Jambo jingine uliweke moyoni mapema: gredi ya sita kuna mtihani wa kitaifa, KPSEA. Baraza la mitihani, KNEC, lina utaratibu wa kuwapa watahiniwa wenye mahitaji maalum muda wa ziada, lakini shule ndiyo inayoomba, na huombwa mapema wakati wa usajili. Anza kumkumbusha mwalimu mkuu mwaka mzima kabla.

Nikuambie na langu. Nilifundisha miaka mingi kabla sijasikia neno disleksia. Katika darasa langu moja palikuwa na kijana ambaye tukisoma kwa zamu, kila mtoto aya moja, zamu yake ikikaribia huomba ruhusa kwenda chooni. Kila mara. Nikamwita mtoro mbele ya darasa. Siku nilipomnyima ruhusa nikamwona anahesabu madawati kwa kidole chini ya meza, apate kujua aya itakayomwangukia aifanyie mazoezi haraka haraka. Nikadhani anacheza. Aliacha shule darasa la sita. Kila barua kama yako inaponifikia, mimi huona kile kidole chini ya meza.

Nyumbani sasa. Dakika 15 kwa siku, zisizidi 20, kila siku. Bora hizo kuliko saa mbili za Jumamosi za machozi. Anzeni na Kiswahili, na mkishike mpaka kikae. Kiswahili kimetuhurumia, "a" ni "a" popote uikutapo, na "ba" haigeuki. Kiingereza huandika "one" kikasoma "wan". Ila ujue kwamba hata katika lugha zinazosomeka zilivyoandikwa, kama Kiitaliano na Kifini, watoto wa namna hii hufika kwenye usahihi kabla ya kufika kwenye kasi. Kwa hiyo akianza kusoma sawasawa lakini polepole, hayo ni maendeleo. Usimharakishe.

Wewe una sinia na unga. Tandaza unga mwembamba kwenye sinia, aandike "b" kwa kidole, kubwa, huku akiitamka sauti yake, si jina lake. Afute, aandike tena. Wiki nzima "b" peke yake, na maneno yake: baba, bata, bibi. Isikaribishwe "d" hapo. Zikija pamoja zinachanganyika. Ngojea "b" iwe imelala mkononi mwake, hata majuma mawili au matatu, ndipo "d" ije na maneno yake. Mkono hukumbuka kile ambacho jicho linakisahau, na unga haubaki na kosa.

Dadake msimkataze kumsomea. Msichana huyo, bila kufundishwa na mtu, alikuwa ameshaanza kazi nzuri. Badilisheni kitu kimoja tu: asome sentensi, kidole cha nduguye kikifuata chini ya maneno, halafu wasome pamoja, halafu asome mwenyewe. Na masomo ya sayansi amrekodie kwa simu, ayasikilize anapokunja nguo au anapokwenda dukani. Huko si kudanganya. Ni kula kwa mlango ulio wazi.

Mavyaa usimpinge. Anaogopa kama wewe. Akitaka kumwombea dua, amwombee, nani ataikataa dua? Lakini nakuomba sana mtoto asiambiwe kwamba amepigwa jicho, kwa maana atakaa akimtafuta aliyemtazama, na kila siku inayopita bila kupona ataona amelaaniwa. Mpe bibi kazi ambayo ni yeye tu anayeiweza. Muulize kama alicheza kinyume utotoni. Wazee wengi wa pwani walicheza: "nyumba" ikawa "mbanyu", "samaki" ikawa "kisama". Kumbe mchezo ule ndio mazoezi yenyewe, kulivunja neno vipande, kukisikia kila kipande na kukihamisha. Waanze kwa kupiga makofi, sa-ma-ki makofi matatu, ba-ta mawili. Halafu aondoe "sa", kimebaki nini? Halafu kinyume, kwa maneno mafupi kwanza, "bata" iwe "taba". Kitamsumbua mwanzoni kuliko dadake, na bibi aambiwe hivyo, asimcheke. Jioni barazani, bila kitabu, bila kalamu, mtoto ataona anacheza.

Chupa ya jirani irudishe kwa adabu. Hakuna dawa ya disleksia, ya kunywa wala ya kupaka, na miwani ya rangi pia usinunue. Elfu tatu na mia tano hizo zinunulie vitabu vyembamba vya hadithi.

Nimemweka baba yake mwisho kwa makusudi. Uliandika, kama jambo la kupita, kwamba kuandika hapendi, na ujumbe mrefu hujibu kwa sauti. Na yeye mwenyewe amesema walimu walimchapa. Disleksia hupita katika damu, kutoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto, mara nyingi sana. Mimi simjui mumeo na siwezi kumpima kwa barua, huenda ni mtu asiyependa kuandika tu. Lakini ikiwa ndivyo ninavyodhani, basi ripoti ile imemsoma yeye pia, na ule ukali ni mtu anayelinda kidonda cha zamani. Usimwambie "na wewe unayo". Mtumie sauti, kwa upole, usiku anapokuwa amepumzika, umuulize: ulipokuwa darasa la nne, herufi zilikuwaje kwako? Kisha nyamaza. Mpe siku kadhaa.

Akijibu, lolote atakalojibu, muombe jambo moja. Awe akimtumia mwanawe kisa kifupi kwa sauti kila Ijumaa, cha utoto wake, cha kazini, cha bahari. Dadake asikilize aandike mistari mitatu, kwa maneno yale yale ya baba, kwa hati kubwa. Mtoto atakuwa ameshayasikia, maana yake ataijua, sauti ataijua, na kidole kitapita juu ya maneno ambayo baba yake ndiye aliyeyasema. Akishaweza kuyasoma, arekodi anavyosoma, amrudishie Doha.